Anauza fulana zenye mchoro wa nyanya yangu, na pesa zangu hajamaliza

Kwako Dada,

Natumai u mzima. Mimi ni mchoraji na dizaina wa kujitegemea, naishi Umoja, Nairobi. Sina ofisi, nafanyia kazi nyumbani, na mara nyingi ni menyu za hoteli, mabango ya hafla na kadi za harusi. Mwaka jana shangazi yangu aliniunganisha na mwanamume wa kanisani kwao anayetengeneza krispi za viazi. Alitaka nembo na paketi za ladha nne. Tulizungumza kwa WhatsApp, tukakubaliana shilingi 60,000. Akanitumia 15,000 kwa M-Pesa, nikaanza.

Kwenye paketi kuna mchoro wa nyanya yangu. Niliuchora kwa wino nikiwa Kinangop, zamani kabla sijamjua huyu mtu: nyanya ameketi juu ya debe lililopinduliwa, kisu mkononi, na ganda la kiazi linaning'inia refu bila kukatika. Yeye aliuona kwenye ukurasa wangu wa Instagram akasema, "Hii ndiyo nataka." Nikaupaka rangi nikautia kwenye paketi.

Kilichofuata ni marekebisho yasiyoisha. Leo anwani, kesho uzito, keshokutwa alama ya KEBS, shirika la viwango, mara pilipili haiwaki vya kutosha. Nilirekebisha yote. Faili nikazigeuza kuwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapa, kama mchapishaji alivyotaka, na nikamwandikia mteja aombe sampuli moja kabla mzigo wote haujachapwa. Akajibu kwamba sampuli ni gharama na supamaketi inamngoja. Nikampa faili zote.

Paketi zilipotoka, nyekundu ilikuwa imepoa, karibu na rangi ya matofali. Akasema nimemharibia kazi, 45,000 zilizobaki nisahau. Lakini paketi hizo hizo ziko madukani, nimezishika kwa mikono yangu. Halafu juzi nikiwa stejini Donholm ikapita matatu, nyanya yangu amebandikwa nyuma, mkubwa kuliko mtu. Kuuliza, nikaambiwa anauza pia fulana na vikombe vyenye mchoro huo.

Nimeandika maneno marefu ya kuweka Facebook, jina lake na picha yake zimo. Sijayatuma. Shangazi anasema nimwachie Mungu, huyu ni mtu wa kwetu. Mama anasema hii si kazi, nitafute pa kuajiriwa. Mimi nauliza: si mchoro ni wangu mpaka amalize kulipa? Naweza kumzuia? Na kuna mama wa asali anayetaka lebo za chupa. Ameniambia, "Wewe anza tu, tutaelewana." Naogopa kumtajia masharti asije akaenda kwa mwingine.

Mchoraji wa Umoja

*

Mdogo wangu Mchoraji,

Pole sana. Hayo maneno ya Facebook yaache yalipo, nitakueleza sababu. Kwanza nikujibu swali la mchoro ni wa nani, kwa sababu wachoraji wengi wa mji huu wanaamini kama wewe, na sheria yetu haiko hivyo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema hakimiliki huanza kwa aliyeibuni kazi. Papo hapo inaongeza kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwake aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Haisemi "akishalipa". Ukinyamaza, sheria inajaza pengo, na inalijaza upande wa mteja.

Najua ni kwa nini hukujua. Mafunzo mengi ya dizaini tunayotazama kwenye YouTube hutoka Uingereza na Marekani. Uingereza, dizaina wa kujitegemea hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini. Marekani nako, kazi ya kuagizwa huwa ya mteja tangu mwanzo kwa aina chache tu za kazi, tena mpaka iandikwe. Mtu anasikia hayo akiwa Umoja, anayabeba kama yalivyo, anaingia nayo kwenye mkataba wa Nairobi ambako mambo yamegeuzwa.

Kwa hiyo nembo, herufi ulizomchorea na mpangilio wa zile paketi nne, aliziagiza yeye na hakuna mahali mlipoandika vingine. Ana hoja nzito kwamba hakimiliki ya hivyo iko kwake hata kabla hajamaliza deni. Inauma, lakini afadhali uisikie kwangu kuliko kwa wakili wake. Kilichobaki kwako hapo ni ile haki ya kutajwa kuwa ndiye uliyebuni na ya kupinga kazi yako ikiharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Kifungu cha 32 kinakulinda kwa hilo hata hakimiliki ikiwa imehama.

Nyanya yako ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Mchoro wa Kinangop haukuagizwa na mtu. Ulikuwepo, ukauonyesha hadharani, naye akauchagua kutoka kwenye kazi zako. Hakimiliki yake ilikuwa yako siku hiyo, na ili imfikie yeye ilibidi uihamishe kwa maandishi yaliyotiwa saini. Hukutia saini popote. Alichopata kwako, kwa jinsi mlivyozungumza na ulivyompa faili, ni ruhusa ya kuutumia kwenye paketi za krispi. Ruhusa ya namna hiyo sheria inaitambua hata ikiwa ya mdomo au ya vitendo tu, kwa hiyo usimwambie aondoe paketi madukani. Ila mlizungumzia paketi. Fulana hamkuzungumzia, wala vikombe, wala mgongo wa matatu.

Anaweza kujitetea kwamba rangi ulizoongeza aliziagiza yeye. Na ajitetee. Mistari ni yako, uso ni wa nyanya yako, na lile ganda refu la kiazi lilikuwa kwenye karatasi kabla ya krispi zake.

Sasa kazi ya jioni ya leo. Tafuta karatasi ya kwanza uliyochorea, uipige picha pande zote mbili. Tafuta ile picha ya Instagram yenye tarehe, uihifadhi kabla ukurasa haujapata tatizo lolote. Hifadhi faili ya mwanzo kama ilivyo, usiifungue na kuihifadhi upya, tarehe yake ni ushahidi. Kisha usajili mchoro huo kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kupitia sajili yao ya mtandaoni. Kusajili si lazima ili mchoro uwe wako, lakini cheti humfanya mtu aache kukubishia na aanze kukusikiliza.

Ukishafanya hivyo, mwandikie barua ya mchoro peke yake, usiichanganye na deni. Mwambie mchoro ulikuwepo kabla ya kazi yake, ruhusa aliyonayo ni ya paketi, na kama anataka kuendelea na fulana, vikombe na matatu, utamuuzia leseni ya mwaka mmoja kwa bei utakayotaja. Mimi ningemuuzia leseni kuliko kumzuia. Mtu aliyebandika nyanya yako nyuma ya matatu amekwisha kuona kwamba watu wanampenda, na hicho ndicho unachouza. Kama moyo wako haukubali uso wa nyanya uendelee kuzunguka mjini kwa mkono wake, mwambie akome. Hilo ni lako kuamua, na usikubali mtu akuharakishe.

Nije kwenye pesa. Hapo umesimama vizuri kuliko unavyodhani.

Kisingizio chake ni rangi. Skrini ya simu hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa haina mwanga, ina wino wa rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na zipo nyekundu kali za kwenye simu ambazo wino huo haufiki. Dizaina anajua. Mteja anayekagua kazi kwa simu akiwa kwenye matatu hajui, na ndiyo maana ulimwambia aombe sampuli. Ule ujumbe wako na jibu lake kwamba sampuli ni gharama ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote ulizonazo.

Lakini hata hivyo, nyekundu haigeuki matofali kwa sababu ya CMYK peke yake. Paketi za krispi mara nyingi huwa na tabaka linalong'aa kama fedha. Wino wa rangi hupitisha mwanga, kwa hiyo ukilala juu ya plastiki ya kung'aa bila wino mweupe kuukinga, rangi hupoa. Huo mweupe ni gharama ya ziada, na wapo wanaoupunguza au kuuruka. Nunua paketi moja, omba risiti, kisha ishike chini ya taa na uigeuzegeuze sehemu ya pilipili. Ukiona mng'ao wa fedha unatokea chini ya nyekundu, mweupe haukuwekwa au ni hafifu mno, na ugomvi huo ni kati yake na mchapishaji. Pia kama ile nyekundu ilikuwa roho ya bidhaa yake, angeweza kulipia wino uliochanganywa mapema wenye nambari yake, kama ule wa Pantone. Uamuzi wa kubana matumizi haukuwa wako.

Juu ya yote, amezipokea paketi, amezijaza krispi na anaziuza. Mtu hawezi kusema kazi imeharibika, akaitumia yote, akala faida, kisha akabaki na pesa ya fundi.

Kwa hiyo mwandikie barua ya deni. Fupi, bila hasira, bila historia. Mfano:

"Mwaka jana tulikubaliana nembo na paketi nne kwa shilingi 60,000. Ulilipa 15,000. Kazi ulikabidhiwa na paketi zinauzwa. Baki ni shilingi 45,000. Naomba uilipe ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Isipolipwa nitafungua madai mahakamani bila taarifa nyingine."

Weka tarehe kamili ya makubaliano na ya malipo, uitume kwa baruapepe na kwa WhatsApp, na uhifadhi alama kwamba imefika.

Siku hizo zikipita kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na pale Milimani imekuwa ikisikiliza kesi tangu 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma kama wako. Huhitaji wakili, unaweza kusimama mwenyewe. Haibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kesi hufunguliwa kupitia mtandao wa Idara ya Mahakama. Chapisha mazungumzo yote ya WhatsApp tangu salamu ya kwanza, usichague yanayokupendeza tu, na namba yake ya simu ionekane. Taarifa ya M-Pesa ichukue kutoka kwenye programu yenyewe. Ongeza ile paketi na risiti yake. Dai la mkataba lina miaka 6 kabla halijapitwa na wakati, kwa hiyo muda unao, ila usiungoje. Watu hubadilisha simu na mazungumzo hupotea.

Hapo utadai deni tu. Suala la hakimiliki si la mahakama hiyo, na ndiyo sababu nimekwambia barua ziwe mbili. Kabla ya kutuma ile ya mchoro, mwonyeshe wakili, hata kwa kikao kimoja cha kulipia, aisome pamoja na mazungumzo yenu.

Sasa Facebook. Leo yeye ndiye mdaiwa na wewe ndiye mdai. Ukiandika kwamba yeye ni mwizi na ukaweka picha yake, anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina, nawe utajikuta unatafuta wakili wa kujitetea badala ya kudai chako. Ukweli ni utetezi, ndiyo, lakini kuuthibitisha mbele ya hakimu ni gharama na miezi, na neno "mwizi" ni gumu kuthibitisha kwa mtu aliyelipa sehemu. Wateja wako wa kesho nao watayasoma. Futa jina na picha, hayo maneno mengine yabaki kwenye daftari lako.

Shangazi usimpite. Mwambie kabla barua haijatoka, ana kwa ana, na umwonyeshe hesabu: zilizokubaliwa, zilizolipwa, zilizobaki. Yeye ndiye aliyewaunganisha, na kama kuna mtu anayeweza kumpigia huyo mwanamume akasikilizwa, ni yeye. Mpe nafasi hiyo kwa siku chache. Lakini mweleze kwa heshima kwamba kumwachia Mungu hakufuti deni, na kwamba mtu wa kwetu ndiye alipaswa kulipa wa kwanza. Akikataa kuingilia, tuma barua. Sioni kwa nini wewe ndiye ubebe amani ya kanisa lote.

Kuhusu mama, sitabishana naye. Kuajiriwa si aibu, ukipata nafasi nzuri ichukue. Ila ujue kwamba kazi utakazochora ndani ya ajira zitakuwa za mwajiri kwa kifungu kile kile cha 31. Na hili la krispi halithibitishi kwamba hujui kazi. Paketi ziko madukani na watu wanavaa mchoro wako. Kilichokula pesa yako ni marekebisho yasiyo na idadi na faili kutoka kabla ya malipo, na hayo mawili yanarekebishika leo. Usikae nayo peke yako pia. Tembelea wenzako kwenye studio zao. Waulize wanatoza nini na wanaandika nini. Wengi watakuambia ukiuliza kwa adabu.

Jambo dogo la kodi. Tangu Januari 2024, kampuni haiwezi kuhesabu gharama yako kwenye kodi yake bila invoisi ya eTIMS, mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, kwa hiyo wateja wenye maduka makubwa wataidai. Jisajili KRA mapema. Na kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, omba cheti chake. Hiyo ni kodi yako iliyolipwa kabla, utaihitaji unapojaza ritani.

Nimalizie na mama wa asali, kwa sababu huko ndiko pesa ya mwezi ujao iliko. Unaogopa kwamba ukitaja masharti atakimbia. Anayekimbia kwa sababu umeomba malipo ya awali angekimbia pia siku ya baki, tofauti ni kwamba wakati huo kazi ingekuwa mikononi mwake. Mwandikie hivi, ujaze bei zako:

"Asante mama kwa kunifikiria. Lebo za chupa nitazifanya kwa shilingi kadhaa, nusu kabla ya kuanza, nusu kabla sijakupa faili za mwisho. Marekebisho mara mbili yamo ndani ya bei, ya ziada ni shilingi kadhaa kila mara. Maandishi yote ya kwenye lebo, uzito na alama za KEBS nipe kabla sijaanza. Hakimiliki inabaki kwangu. Ukimaliza kulipa una ruhusa ya kutumia michoro kwenye lebo na matangazo ya asali hii, matumizi mengine tutakubaliana kwanza. Kabla ya kuchapa mzigo, tutaomba sampuli kwa mchapishaji, na gharama yake ni yako. Nitaionyesha kazi hii kwenye kurasa zangu. Kama ni sawa, nijibu kwamba umekubali yote haya."

Lile jibu lake la "nimekubali" ndiyo makubaliano ambayo kifungu cha 31 kinayataka, na hukuwa nayo kwa krispi. Akitaka hakimiliki yote iwe yake, si vibaya, muuzie, ila kwa bei nyingine na kwa karatasi yenye saini. Wakati wa kumwonyesha kazi, tuma picha ndogo yenye jina lako limepita katikati, usitume faili yenyewe. Na akirudia kwamba uanze tu mtaelewana, mjibu kwamba uko tayari, utaanza siku nusu ya kwanza ikiingia kwa simu, kisha uendelee na menyu zako.